Sanduku la Marehemu: Thamani Yake Ijulikane Kabla ya Kuuzwa

Katika nyumba nyingi za Bujumbura, tangu Buyenzi na Bwiza hadi Ngagara na Kamenge, limo sanduku la bati ambalo mwenyewe amekwisha kufa, na ambalo tangu siku ya maziko halijafunguliwa ila kwa kutafuta vyeti. Chini ya mashati na barua mna vitu ambavyo marehemu mwenyewe hakuvihesabu kuwa mali: medali ya vita aliyoachiwa na baba yake, sarafu chache za Kijerumani, albamu ya stempu za Ruanda-Urundi, noti za enzi ya ufalme. Matanga hayajaisha, mara hubisha hodi mtu mpole mwenye mkoba. Anatoa pole, anaomba kutazama, anataja bei. Nyumba ina deni la maziko, na bei inakubaliwa.

Ndugu askari, ndugu polisi, jambo hili linawahusu ninyi kuliko watu wengi. Vitu vya namna hiyo vimo hasa katika nyumba za watu waliovaa sare, au ambao babu zao walivaa. Tena, ndugu wa tumbo moja wanapogombana kwa sababu mmoja ameuza sanduku la baba kwa siri, polisi ndiye anayeitwa, naye hukuta ugomvi usio na ushahidi: kitu hakipo, mnunuzi hajulikani, na thamani yake haikuandikwa popote. Makala haya yanataka kusema jambo moja tu. Kitu kilichorithiwa kina thamani ya siku ile kilipohama kutoka kwa marehemu kwenda kwa warithi. Thamani hiyo iandikwe kabla ya neno la kuuza kutamkwa, kwa kuwa juu yake husimama mgawo wa warithi na hesabu ya kodi pia.

Yafaa tuanze na asili ya vitu vyenyewe. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Usumbura, yakaendelea hadi Kitega, na tarehe 19 Septemba mwaka huohuo yakaitwaa Tabora. Pamoja nao walikwenda wapagazi na askari wa nchi hizi, na upande wa pili walikuwako askari wa Wajerumani, wengine wao wakiwa wenyeji wa pwani ya ziwa letu. Waliorudi walirudi na walichokuwa nacho mfukoni. Ubelgiji ulitoa medali ya kumbukumbu ya vita hivyo vya Afrika. Waingereza nao waliwapa askari wa King's African Rifles medali zao, na zile za vita vya kwanza zilichongwa ukingoni namba na jina la mwenyewe. Nyota za vita vya pili, kinyume chake, walizitoa bila jina. Tofauti hiyo ya maandishi madogo ukingoni huweza kuzidisha bei mara nyingi, kwa sababu medali yenye jina huweza kufuatiliwa katika vitabu vya jeshi, na isiyo na jina ni moja katika maelfu.

Sarafu mashuhuri kuliko zote za eneo hili ilizaliwa katika vita hivyo. Wajerumani, wakiwa wamezuiliwa baharini na kukosa fedha kutoka Ulaya, walifungua kiwanda kidogo katika karakana ya reli ya Tabora. Hapo, mwaka 1916, walipiga sarafu za shaba za heller 5 na heller 20, na baadaye sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili. Dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Zilipigwa 16,198 tu. Kila moja ilipaswa kuwa na uzito wa gramu 7.168, na robo tatu za uzito huo ni dhahabu safi, yaani gramu 5.376.

Tazama sasa jinsi thamani inavyopotea. Sonara wa mjini ataiweka sarafu ile juu ya mizani, atahesabu dhahabu iliyomo, na atalipa kwa gramu. Kwa upande wake hajadhulumu, maana ananunua madini ya kuyeyusha. Lakini mkusanyaji wa sarafu huko Frankfurt au London hanunui gramu, ananunua moja ya zile 16,198, naye hulipa zaidi ya dhahabu iliyomo. Kitu ni kilekile, siku ni ileile, na bei zipo mbili. Ipi ndiyo thamani?

Sheria za nchi nyingi zimejibu swali hilo kwa maneno yanayokaribiana sana. Waamerika husema ni bei ambayo mnunuzi aliye radhi na muuzaji aliye radhi wangekubaliana, pasiwe na mmoja aliyelazimishwa, na wote wawili wakizijua habari za kitu chenyewe. Waingereza husema ni bei ambayo kitu kingetarajiwa kupata katika soko la wazi wakati huo, nao huongeza kwamba haifai kuishusha kwa kisingizio kwamba mali yote imetupwa sokoni kwa mara moja. Pima maneno hayo na yule mtu mpole mwenye mkoba. Mjane mwenye deni la maziko si muuzaji asiyelazimishwa, na asiyejua kilichomo sandukuni hajui habari zake. Kwa hiyo bei ya siku ya matanga si thamani mbele ya sheria yoyote niijuayo, ijapokuwa fedha zimelipwa taslimu na watu wameshikana mikono.

Kuna makosa mengine mawili ambayo nimeona yakiwapotosha hata watu wasomi. La kwanza ni kudhani kwamba ukongwe ni thamani. Noti za muda ambazo Wajerumani walizichapisha katika koloni hili wakati wa vita, tangu 1915 hadi 1917, ni za zaidi ya miaka mia moja, tena nyingine zilipigwa chapa porini kwa herufi za mpira. Lakini zilitolewa kwa wingi mno, na nyingi zimebaki, hivyo za kawaida hazina bei kubwa. La pili ni kuamini bei ya katalogi. Stempu za Ruanda-Urundi zimeorodheshwa katika katalogi rasmi ya Ubelgiji, katika Michel ya Wajerumani na katika Stanley Gibbons ya Waingereza, kila moja na bei yake. Bei hizo ni za kipande kisicho na dosari, kinachouzwa na mwenye duka aliyetoa dhamana. Albamu iliyokaa miaka 40 katika joto la ziwa, gundi imeshikana na karatasi na mchwa wamepita pembeni, haifikii hata sehemu ndogo ya bei hiyo.

Stempu zina hatari yake zaidi. Mwaka 1916 Wabelgiji walichukua stempu za Kongo wakazipiga mhuri wa neno RUANDA au URUNDI. Wakusanyaji huziita kwa jina la Jenerali Tombeur aliyeongoza vita. Ni adimu kweli, na kwa sababu hiyohiyo zimeghushiwa sana, kwani stempu ya Kongo ya kawaida ni rahisi kupata na mhuri ni rahisi kuiga. Hali kadhalika stempu za maua za Ruanda-Urundi zilizopigwa maneno Royaume du Burundi mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, na zile za ufalme zilizopigwa tena chapa ya Jamhuri baada ya Novemba 1966: mhuri uliopinduka au uliopigwa mara mbili huongeza bei, na kila kinachoongeza bei humvuta mwenye hila. Stempu ya namna hiyo haina thamani ya kuandikwa mpaka mjuzi aitazame na kuitolea cheti. Sarafu ya Tabora, kwa bahati, hujitetea yenyewe kidogo: nakala ya shaba iliyopakwa dhahabu, ikiwa na upana na unene uleule, haitafikia uzito wa gramu 7.168, nayo mizani ya sonara yatosha kuiumbua.

Hapa niwaombe askari jambo moja kwa heshima, maana nawajua. Mmefundishwa tangu siku ya kwanza kambini kwamba shaba lazima ing'ae. Medali ya babu isiguswe kwa dawa ya kung'arisha, wala sarafu isisuguliwe kwa majivu na limau. Ule weusi uliotanda kwa miaka mia ndio ushahidi wa umri wake, na mkusanyaji akikuta mikwaruzo ya kitambaa hushusha bei papo hapo. Utepe uliochakaa uachwe pia, na karatasi iliyokuja na medali, hata ikiwa imeraruka, isitenganishwe nayo.

Tuje kwenye kodi. Hapa Burundi mapato ya serikali hukusanywa na OBR, iliyoundwa mwaka 2009, mwaka uleule TVA ya asilimia 18 ilipoanza. Mtu anayenunua sanduku hili na lile ili auze kwa faida ni mfanyabiashara, nayo faida yake ni mapato ya biashara. Mrithi aliyeachiwa kitu kimoja na baba yake hali yake ni nyingine. Lakini mbele ya ofisa, mtu hatambuliwi kuwa mrithi kwa kusema tu. Anahitaji karatasi inayoonyesha kwamba kitu kilitoka kwa marehemu, lini, na kilikuwa na thamani gani. Yafaa karatasi hiyo ipelekwe ofisini kabla ya mauzo. Baada ya mauzo huonekana kama kisingizio.

Kwa majirani zetu, sheria hazikazii sana vitu hivi. Kenya ilifuta kodi ya mirathi mwaka 1982, na kodi yake ya faida ya mtaji, iliyorudishwa mwaka 2015 na kupandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023, imeelekezwa kwenye ardhi, majengo na hisa. Ni sokoni ndipo mambo yanapobadilika, nalo soko la stempu na sarafu za Ruanda-Urundi halipo Bujumbura. Lipo Brussels, Paris, London na miji ya Ujerumani, ambako wapo wakusanyaji, na ambako pia wanaishi watoto wetu na ndugu zetu wengi. Mara nyingi familia humtumia ndugu wa huko kitu akiuze, na huyo ndiye anayekutana na kodi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ajida mmoja wa Bujumbura, dada yake anayeishi Lille na mdogo wao wa Kigoma wameachiwa na baba albamu ya stempu, na wamekubaliana iwe fungu la dada. Baada ya miaka kadhaa dada anaiuza mnadani kwa euro 9,000. Sheria ya Ufaransa inasema kwamba kitu cha mkusanyaji kinachouzwa kwa zaidi ya euro 5,000 hulipiwa asilimia 6.5 ya bei yote, haidhuru kama muuzaji amepata faida au hakupata. Dada anatozwa euro 585. Lakini sheria hiyohiyo inampa njia ya pili: akiweza kuthibitisha siku aliyokipata kitu na thamani yake siku hiyo, ana hiari ya kutozwa juu ya faida tu, na faida hiyo hupunguzwa asilimia 5 kwa kila mwaka baada ya mwaka wa pili, mpaka miaka 22 ikitimia haidaiwi chochote. Tuseme thamani iliyoandikwa siku ya kifo ilikuwa euro 8,800. Faida ni euro 200, na kodi ni ya hizo 200. Karatasi moja ndiyo iliyoleta tofauti yote.

Na Wafaransa hawapokei karatasi yoyote ile. Kwa samani na vyombo vya marehemu, wamepanga ushahidi kwa daraja: kwanza bei ya mnada wa hadhara uliofanyika ndani ya miaka miwili baada ya kifo; usipokuwako, orodha iliyoandikwa na ofisa wa sheria ndani ya miaka mitano; na mwisho kabisa tamko la warithi wenyewe. Kwa vito na vitu vya mkusanyaji wanaongeza kwamba thamani isipungue ile iliyoandikwa katika mkataba wa bima wa marehemu. Mtu aliyemwambia wakala wa bima kwamba albamu ni ya euro 10,000 hawezi kumwambia mtoza kodi kwamba ni ya 2,000.

Uingereza nao hutazama thamani ya siku ya kifo na kuihesabu kuwa ndiyo gharama ya mrithi, na kitu kimoja kikiuzwa kwa pauni 6,000 au chini ya hapo hakidaiwi kodi ya faida. Ujanja wa kuuza seti ya medali moja moja kwa mnunuzi yuleyule ili kila moja ikae chini ya kiwango umekwisha kutambuliwa: huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Marekani pia huchukua thamani ya siku ya kifo, na faida inayozidi hapo, kwa vitu vya mkusanyaji, huweza kutozwa hadi asilimia 28. Katika nchi zote hizi mrithi aliyekubali thamani ndogo siku ya kifo ili akwepe kodi ya mirathi huilipa baadaye katika faida, na aliyeitaja kubwa mno hulipa mwanzoni.

Kisa kilichowasumbua wathamini kuliko vyote kilitokea New York. Bibi Ileana Sonnabend, mwuzaji wa sanaa, alifariki mwaka 2007 akaacha mchoro wa Robert Rauschenberg uitwao Canyon, ambao umebandikwa tai mkavu wa aina inayolindwa na sheria ya Marekani. Kuuza tai yule ni kosa la jinai. Wathamini wa warithi waliandika thamani sifuri, wakisema kisichouzika hakina bei. Ofisi ya kodi iliandika dola milioni 65, ikadai zaidi ya dola milioni 29. Ugomvi ulimalizika mwaka 2012 kwa warithi kuutoa mchoro bure kwa jumba la makumbusho la MoMA, na dai likaondolewa.

Kisa hicho si cha mbali kama kinavyoonekana. Katika miaka ya 1980 Bujumbura ilikuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe za ndovu, na hadi leo yapo masanduku yenye bangili, sanamu na vipande vya pembe. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa Oktoba 1989 ulioanza kazi mwezi Januari 1990. Asiwadanganye mtu kwamba kurithi ni ruhusa ya kusafirisha. Bunduki ya kale ya babu, hata ikiwa na kutu kiasi gani, si kitu cha mkusanyaji: iko chini ya sheria ya silaha nyepesi ya mwaka 2009, na mahali pake ni mikononi mwa wakuu wa usalama. Navyo vitu vya ufalme na vya mila, kama ngoma, mikuki na vyombo vya ibada, vinaangukia sheria ya 25 Mei 1983 ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa. Mwenye kitu cha namna hiyo aanzie kwenye makumbusho ya Gitega au Makumbusho Hai ya Bujumbura, kabla ya kuzungumza na mnunuzi. Polisi wa mpakani wanaoshika kitu chenye shaka wanacho siku hizi chombo cha kuwasaidia: programu ya Interpol iitwayo ID-Art, iliyotolewa mwaka 2021, ambayo kwa picha ya simu huonyesha kama kitu kimeorodheshwa kuwa kimeibwa.

Wako waliomaliza hesabu hii wakiwa hai. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya vitabu adimu, sanaa za Afrika na stempu, na katika miaka ya 1970 aliviuza kwa serikali ya nchi yake. Leo mkusanyo huo umo katika jengo la Nyaraka za Taifa mjini Nairobi. Alipofariki mwaka 1990 hakuna aliyehitaji kukisia stempu zile ni za nani.

Kwetu sisi wenye sanduku moja tu, kazi ni ndogo zaidi, ila ina ugumu wake. Kanuni ya Watu na Familia ya mwaka 1993 haikuyagusa mambo ya mirathi, na hivyo ugawaji umebaki kwa mila, kwa baraza la ukoo na, panapo ugomvi, kwa mahakama. Baraza hilo ndilo lifungue sanduku, mchana, mbele ya wote walio na haki, pamoja na mabinti, ambao mara nyingi husahauliwa mpaka bei itajwe. Kila kitu kipigwe picha mbele na nyuma karibu na rula. Sarafu zipimwe uzito, na maandishi ya ukingoni mwa medali yanakiliwe herufi kwa herufi. Siku ya kifo iandikwe juu ya karatasi kabla ya jambo jingine. Kisha picha zipelekwe kwa wathamini wawili wasiojuana, na waulizwe thamani ya siku ile ya kifo, si ya leo. Mthamini anayesema yuko tayari kununua mwenyewe aondolewe katika hesabu. Huyo ni mnunuzi, na maneno yake yana faida yake ndani.

Ambaye hawezi kumpata mthamini atafute matokeo ya minada ya hadhara ya miezi iliyozunguka siku ya kifo, akichagua kitu kinachofanana na chake kwa hali na si kwa jina tu. Bei iliyolipwa kweli ina uzito kuliko bei inayoombwa dukani. Matokeo hayo yaambatanishwe na orodha, na warithi wote watie sahihi. Noteri akiithibitisha tarehe, hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba iliandikwa baada ya mauzo.

Nakala moja ikae kwa mkubwa wa ukoo, ya pili kwa noteri. Ya tatu aichukue ndugu anayesafiri na albamu, nayo aiweke katika mkoba wa mkononi na si katika sanduku la ndege. Forodha zina mlango wake kwa vitu hivi, fungu la 97 la orodha ya kimataifa ya bidhaa, ambamo stempu, mikusanyo ya sarafu na vitu vilivyozidi miaka mia moja vina namba zao, na ofisa atakayemsimamisha huko aendako atamwuliza kwanza thamani, kisha atamwuliza ni nani aliyeiandika na lini.